Moja, Mbili, Tatu, Tatu

Jumamosi, 31 Agosti

Wakazi wote wa Alder Fork, Ohio, na vitongoji vyake wanaarifiwa kwamba leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, fulana ya rangi ya chungwa ya mshika kibao wa uwanja wa Chuo cha Brandt imekataa rasmi kufungwa zipu. Fulana hiyo, iliyovaliwa na marehemu Clyde Ostrander kwa miaka ishirini na miwili na baadaye na mwanawe Vernon kwa miaka kumi na tisa, ilipanda salama hadi kitovuni, ikagoma. Mazungumzo yalifanyika. Mke wa Vernon aliwakilisha upande wa zipu. Hadi tunakwenda mitamboni, muafaka haujapatikana.

Vernon ndiye mimi. Nina miaka hamsini na sita, ni fundi wa matanuru ya kupasha nyumba joto, na naandika daftari hili kwa amri ya daktari. Alinipima presha mwezi uliopita, akakitazama kipimo, akaniuliza nina hasira na nani. Nikamwambia na Nolan Bupp. Akasema, "Ukipandwa na hasira iandike, usiitolee mdomoni." Mke wangu Joyanne akanunua daftari la kurasa mia mbili siku hiyohiyo. Anasema halitatosha.

Bupp ni mrushaji wa timu ya chuo, ya mpira wa Kimarekani. Ndiye anayepokea mpira kila jaribio linapoanza na kuamua uende wapi, na kwa maoni yangu hastahili kuamua hata supu ya kunywa. Huu ni mwaka wake wa nne chuoni. Anarusha mpira kama mtu anayemrushia bibi yake mto wa kulalia. Na kwenye benchi, amekaa bure, tunaye Desmond Tarver wa mwaka wa kwanza, mwenye mkono kama manati.

Leo tumeshinda 13 kwa 10. Joyanne anasema basi tumeshinda. Najua tumeshinda. Mimi nazungumzia namna.

Jumatatu, 2 Septemba

Saa moja jioni, "Saa ya Wahunzi" redioni. Wahunzi ndiyo sisi, timu ya Brandt. Sisi tunaofanya kazi kando ya uwanja haturuhusiwi kuwa na timu wala maoni, kwa hiyo nilipiga simu kwa jina la Earl wa Milimani, nikiwa nimebana pua.

"Earl," akasema Chip, mtangazaji. "Karibu. Matanuru yanaendaje?"

Nikamwambia sijui anazungumzia nini. Kisha nikamwelezea ule mfano wa bibi na mto. Chip alicheka hadi ikabidi waweke tangazo. Presha: 151.

Jumamosi, 14 Septemba

Daktari akisoma hapa atataka kujua nafanya nini pale uwanjani, kwa sababu yeye anatoka Vermont. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi; ikishindwa, mpira wanapewa wapinzani. Wawili wetu wanashika nguzo zenye mnyororo wa yadi kumi. Mimi nashika fimbo yenye kibao juu yake: moja, mbili, tatu, nne. Refa wa upande wetu akitaja jaribio, navuta kamba, namba inageuka. Mkuu wetu ni Mwalimu Teasdale, mstaafu, aliyenifundisha aljebra na hajanisamehe. Kila msimu anatuambia maneno yaleyale: "Mkivuka mstari huu, ninyi ni samani. Kiti hakishangilii. Meza haina maoni."

Nguzo iliyo karibu nami inashikwa na Lowell Hatch, kaka yake Joyanne. Lowell anampenda Bupp. Sijui alizaliwaje na mwanamke mmoja na mke wangu.

"Hapotezi mpira, shemeji," ananinong'oneza bila kugeuza kichwa.

"Hapotezi kwa sababu harushi."

"Miaka minne amepoteza mara kumi na moja tu."

"Na Tarver hajapoteza hata mara moja."

"Tarver hajacheza, shemeji."

"Ndiyo nasema."

Leo ule ubao mkubwa wa matokeo umeungua balbu. Sehemu ya jaribio imezima kabisa. Chuo kimesema mafundi watakuja. Nawajua mafundi, mimi ni mmoja wao. Hawatakuja.

Mwishoni zilibaki sekunde tisa, tukiwa nyuma kwa pointi nne, saa inakimbia. Bupp akaupiga mpira chini, miguuni pake, makusudi. Ndivyo saa inavyosimamishwa: unapoteza jaribio moja, unapata nafasi ya kuvuta pumzi. Hilo lilikuwa la tatu, tukabaki na la nne. Kwenye la nne akarusha kile kimto chake, kikaenda kwa madaha yake yote, kikadakwa. Tumeshinda 24 kwa 21. Nimekasirika sana. Mtu akifanya vibaya halafu ikafaa, hakuna atakayemrekebisha.

Jumapili, 15 Septemba

Lowell amekuja kula. Amemtaja Bupp mara thelathini na moja. Joyanne alihesabu.

Jumamosi, 28 Septemba

Mvua. Ushindi mwingine wa kusikitisha. Presha 149.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumefungwa 30 kwa 9. Mashabiki wamezomea. Bupp alirusha mara thelathini na mbili na nakuapia, daftari, mipira ishirini kati ya hiyo ingeweza kupitwa na jogoo. Kocha hakumwingiza Tarver hata dakika moja. Kocha naye nimemwekea ukurasa wake huko nyuma.

"Upepo," akasema Lowell.

"Upepo ulikuwa wa pande zote mbili."

"Wao upepo wamezaliwa nao, shemeji. Wanatoka ziwani."

Nikamwambia akiongea tena nitampiga na kibao. Mwalimu Teasdale akatugeukia. "Samani," akasema. Tukanyamaza kama watoto wa darasa la tatu, na mimi nina wajukuu wawili.

Jumatano, 9 Oktoba

Baridi ya kwanza ya kweli. Simu kumi na nne. Ya tisa ilitoka nyumba ya wanafunzi Mtaa wa Cutler, tanuru limekataa kuwaka. Mlango ukafunguliwa na kijana aliyejifunga blanketi.

"Aa," akasema. "Mzee wa kibao."

Alikuwa Nolan Bupp. Ukimwona kwa karibu ni mdogo kuliko anavyoonekana uwanjani, na ana masikio makubwa. Alishuka nami hadi chumba cha chini akanishikia tochi, na naandika hapa kwa uchungu kwamba anajua kushika tochi. Watu wengi wanamulika uso wa fundi. Yeye alimulika kazi.

Mezani juu nilikuwa nimeona kadi za karatasi ngumu na bakuli la maharage makavu. Nikamuuliza ni ya supu.

"Ya kuhesabia. Nasomea ualimu wa hesabu, shule ya msingi. Januari naanza mazoezi hapahapa Alder Fork, darasa la pili. Ukimpa mtoto haragwe mkononi haogopi namba."

Nikasema ni vizuri. Nilikuwa nimelala chali chini ya tanuru, nikibadilisha kile kijiwaya kinachohisi moto.

"Mzee, na wewe hujawahi kukosea?" akauliza. "Na kile kibao?"

"Miaka kumi na tisa, hapana."

"Nilijua. Mimi nikiangushwa, nikinyanyuka nakuangalia wewe kwanza. Ubao mkubwa umezima, refa yuko nyuma yangu, na kocha ni kelele tu. Naangalia upande ule, naona kitambi cha rangi ya chungwa, naona namba, najua tulipo."

Niliacha hilo la kitambi lipite.

"Unamsikiliza yule Earl redioni?" akasema tena. "Wenzangu humu wanamwigiza. Ule mfano wa bibi na mto, nilimpelekea bibi yangu. Alicheka wiki nzima."

"Simjui," nikasema, kichwa changu kikiwa ndani ya tanuru.

Moto ukawaka. Akanipa kahawa mbaya. Nikarudi kwenye gari nikakaa bila kuwasha injini, nimekasirika na sijui na nani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Earl hakupiga simu. Chip aliuliza yuko wapi. Joyanne akaniangalia juu ya miwani yake. Presha 138.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilijitahidi. Nusu ya kwanza yote nilimtazama kama mwalimu wa darasa la pili mwenye masikio makubwa. Halafu akarusha mpira kwa mtu wa timu nyingine, mtu aliyesimama peke yake kabisa, kama alikuwa amealikwa. Ni kijana mzuri. Ni kijana mzuri asiyejua kurusha, na mambo hayo mawili yanakaa nyumba moja. Tumeshinda 17 kwa 14.

Jumatatu, 21 Oktoba

Earl amepiga simu. Sina la kujitetea.

Jumamosi, 2 Novemba

Tumeshinda. Lowell: "Saba kwa moja, shemeji." Mimi: "Kwa nguvu za Mungu na walinzi wa nyuma." Majani yameisha mitini.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumeshinda tena. Imebaki mechi moja, dhidi ya Kesler, ng'ambo ya mto, timu ninayoichukia hata nikiwa usingizini. Tukishinda tunachukua ligi, mara ya kwanza tangu mwaka ule baba alipofariki, na tunachukua Ndoo ya Makaa, ndoo ya chuma iliyotoboka ambayo timu zetu zinaigombania tangu migodi ilipokuwa wazi. Kesler wameikalia miaka sita. Nasikia wanapandia maua ndani yake.

Mji mzima haulali. Nilikwenda kusafisha bomba kwa Bibi Purvis, miaka tisini na mmoja, na kabla sijafungua sanduku la vyombo aliniuliza, "Bupp au Tarver?" Nikasema Tarver. Akaniambia nitoke nje nivue viatu kwanza ndipo niongee upumbavu ndani ya nyumba yake.

Jumamosi, 16 Novemba

20 kwa 16. Ndoo imebaki kwao. Kipimo cha presha nimekitia kabatini chini ya mablanketi.

Naandika ili daktari aone nilikuwa na sababu. Dakika ya mwisho tulikuwa yadi tisa kutoka mstari wao, tunahitaji kuuvuka, pointi tatu za kupiga teke hazitoshi. La kwanza, mpira ukaanguka. La pili, yadi tatu. La tatu, Bupp akaona hakuna pa kurusha akakimbia mwenyewe, akaangushwa yadi mbili kutoka mstarini. Sekunde kumi na moja, saa inakimbia, mapumziko yetu yote tumeshayatumia. Lilikuwa limebaki la nne. La mwisho. Mtu yeyote mwenye vidole angejua.

Naye akawapanga wenzake upesiupesi, akapokea mpira, akaupiga chini.

Akasimamisha saa. Alipoteza jaribio la mwisho la msimu kwa kusimamisha saa, halafu akainua kichwa kama mtu anayesubiri basi. Refa akawapa Kesler mpira. Watu elfu sita wakafanya kelele ambayo sijawahi kuisikia katika uwanja ule, na nilikuwepo siku jukwaa la mashariki lilipoporomoka.

Hajui kuhesabu. Mwalimu wa hesabu, na maharage yake. Miaka minne nimesema mkono hana, kumbe na kichwa hana. Tarver angejua. Bibi Purvis angejua. Nne. Haragwe moja, mawili, matatu, manne.

Aliwaambia waandishi, "Nilidhani ni la tatu. Kosa langu." Bila shaka ni kosa lake. Lingekuwa la nani?

Joyanne amepika supu ya maharage na nyama. Sikula.

Jumapili, 17 Novemba

Lowell hakuja kula.

Jumatatu, 18 Novemba

Redio. Saa nzima, simu arobaini na moja, zote kuhusu jambo moja. Mtu mmoja wa Mtaa wa Pili akaja na wimbo: "Moja, mbili, tatu, tatu." Chip akaurudia kila baada ya tangazo. "Earl uko wapi?" akasema. "Leo ni sikukuu yako." Nilizima redio. Nikaiwasha. Nikaizima.

Jumanne, 19 Novemba

Duka la donati limeweka kibandiko dirishani: boksi la donati nne, ndani tatu, jina lake Boksi la Bupp. Watu wamepanga foleni. Nilikuwa kwenye foleni hiyo kwa sababu ni duka langu la kila siku, na mwanamume mbele yangu akageuka akasema, "Wewe ulikuwa palepale, Vern, hatua kumi. Ulimwona usoni? Alikuwa anafikiria nini?" Nikasema sikumwona usoni.

Mchana Lowell akaja karakana. Hakuketi.

"Umeongea na Mwalimu Teasdale?"

"Kuhusu nini?"

"Shemeji."

"Kuhusu nini, Lowell?"

Akachukua donati kwenye boksi langu. Akairudisha. Miaka thelathini sijawahi kumwona Lowell akirudisha donati.

"Mimi sikuwa na kazi pale," akasema. "Mnyororo ulikuwa umelazwa chini. Nilikuwa nakusikiliza wewe. Na mtu akimsikiliza mtu, anamwangalia."

"Basi nenda ukaseme."

"Dada yangu anakula meza moja na wewe. Siwezi kusema. Ndiyo maana Jumapili sikuja kula, wewe mtu mnene wa ajabu."

Nilimfukuza. Nilimwambia karakana ni yangu na hewa iliyomo ni yangu. Alikwenda. Alisahau kofia yake juu ya mashine ya kukunjia mabati, na imekaa pale inanitazama.

Kuna jambo sijaliandika. Daktari alisema niandike hasira. Hakusema niandike yote.

Alhamisi, 21 Novemba

Theluji ya kwanza. Kwenye duka la vyakula watoto wawili walikuwa wanasukumana ndani ya kigari, mmoja anaimba moja, mbili, tatu, mwenzake anaitikia tatu. Mama yao alikuwa anacheka. Nilitaka kumwambia awafundishe adabu. Nikanunua maziwa nikaondoka bila maziwa.

Ijumaa, 22 Novemba

Simu ya Mtaa wa Cutler. Tanuru tena. Nilifikiria kumpa kazi hiyo fundi wa ng'ambo ya mto. Nikaenda.

Bupp alishuka nami chumba cha chini na tochi. Kichujio kilikuwa kimeziba vumbi, kazi ya dakika kumi. Niliifanya kwa dakika arobaini.

"Bado unaanza Januari?" nikauliza.

"Si hapa. Nimejaza fomu ya kuhamia wilaya nyingine. Kuna shule huko, saa moja na nusu kwa gari."

"Kwa nini?"

Tochi haikutikisika. "Juzi nilikwenda kujitambulisha kwa mwalimu wa darasa. Nimeingia tu, mtoto mmoja akaanza, wote wakaitikia. Darasa zima. Hawakuwa wabaya, mzee. Walidhani ni wimbo."

Nikaendelea kupangusa kichujio ambacho tayari kilikuwa safi.

"Lakini si hilo linaloniumiza," akasema. "Niliona tatu. Nilinyanyuka nikakuangalia, nikaona tatu, wazi kabisa. Halafu baada ya kupiga mpira nikaangalia tena, ni nne. Kila nikifumba macho naona tatu. Sasa mtu wa kufundisha watoto namba, na namba zenyewe haoni sawasawa. Kesho nina miadi na daktari wa macho."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Kama kuna mahali ambapo mtu anafungua mdomo, ni pale. Nikasema, "Badilisheni kichujio kila baada ya miezi mitatu." Nikapanda ngazi.

Nimeandika hasira nyingi katika daftari hili. Nimemwita majina. Nimepitia kurasa zote leo, na hakuna hata ukurasa mmoja ambao mwenye kustahili kukasirikiwa ametajwa.

Jumapili, 24 Novemba

Nilikwenda Mtaa wa Cutler baada ya kanisa, na tai bado shingoni. Sikuingia ndani. Nilimwambia nikiwa nimesimama barazani, kwa sentensi tatu, ambazo nilikuwa nimezifanyia mazoezi ndani ya gari na bado zilitoka vibaya.

Masikio yake yakawa mekundu.

"Siku nane," akasema.

"Ndiyo."

"Juzi ulikuwa hapa. Nimekushikia tochi."

"Ndiyo."

"Nikakwambia habari ya macho."

"Ndiyo."

"Jana nimekaa kwenye kile kiti nasoma herufi. Nimesoma mpaka mstari wa mwisho, zile ndogo kama sisimizi. Yule mama akaniambia nina macho ya rubani. Nikamwomba anipime tena. Akanipima tena. Nikarudi nyumbani nikafikiri, basi kama si macho, ni kichwa." Alikuwa anaongea polepole, kama anayehesabu. "Nilimpigia mama yangu nikamwambia labda nina ugonjwa kichwani."

Nilifungua tai, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

"Na Earl?" akauliza.

"Ni mimi."

"Hilo nililijua. Unabana pua lakini unasema 'nakuapia' palepale kila mara." Hakutabasamu. "Hilo halikuniudhi hata siku moja. Ungeendelea na mto mpaka nizeeke. Funga mlango, Bwana Ostrander. Joto linatoka."

Siku zote alikuwa ananiita mzee wa kibao. Nikafunga mlango.

Jumatatu, 25 Novemba

Nilikwenda kwanza kwa Mwalimu Teasdale, nikamwambia, nikamkabidhi fulana. Aliikunja vizuri sana, upande kwa upande, zipu katikati. Akasema baba yangu alikosea mara moja, mwaka wa themanini na nne, na alimwambia refa kabla namba haijakauka hewani. Sikuwa najua. Baba hakuwahi kulisema nyumbani. Teasdale akasema ataandikia ligi barua usiku huohuo, matokeo hayatabadilika, lakini barua itakuwepo.

Saa moja jioni nikapiga simu redioni bila kubana pua.

"Earl," akasema Chip.

"Si Earl. Naitwa Vernon Ostrander, nashika kibao." Nikasema. Ilichukua dakika mbili. Chip hakuweka tangazo.

Kisha watu wakaanza kupiga simu. Hakuna aliyemtaja Bupp. Zote zilikuwa zangu, na nyingi nilizitambua sauti, nimeshaingia nyumba zao, nimeshalala chini ya matanuru yao. Mmoja akasema hata kama kibao kilikosea, Tarver angehesabu mwenyewe. Nilitaka kumpigia nimtukane. Halafu nikakumbuka hiyo ni hoja yangu.

Lowell alikuja wakati kipindi kinakwisha. Akakaa mezani, akala sahani tatu, hakusema lolote la mpira. Joyanne ndiye aliyesema. Aliniambia hajawahi kunikasirikia hivi tangu tuoane na anaomba nisimguse mkono kwa sasa. Kisha akanijazia bakuli.

Fomu ya Bupp bado iko wilayani. Sijui kama ataifuata, na sina haki ya kuuliza.

Jumanne, 26 Novemba

Ukurasa wa tarehe 16 unadanganya. Sitauchana. Nauandika upya.

Jumamosi, 16 Novemba, ilivyokuwa

Tulikuwa yadi tisa. Karibu hivyo na mstari mnyororo hautumiki, kwa hiyo Lowell alikuwa amelaza nguzo yake, amesimama kando yangu, mikono mitupu. La kwanza likaanguka. La pili, yadi tatu. Refa akasema, "Tatu," nikavuta kamba, kibao kikasema tatu. Mpaka hapo nilikuwa sawa.

Kwenye la tatu Bupp akakimbia. Kulikuwa na mtu wetu peke yake kwenye kona, mikono juu, hakuna wa kumzuia, na Bupp hakumwona. Nikamgeukia Lowell. Mgongo wangu ukawa uwanjani. Nikasema, "Nilikwambia. Miaka minne nakwambia. Hakumwona, hakumwona, mtu mzima amesimama pale kama nguzo ya simu na hakumwona." Lowell akasema, "Shemeji, geuka." Nikasema, "Wewe ndiye ugeuke, wewe na huyo mwalimu wako wa maharage." Nyuma yangu refa alisema, "Nne." Nilimsikia. Nilisikia neno, na sikulifanyia kitu, kwa sababu sikuwa nimemaliza kusema.

Nilipogeuka wachezaji walikuwa wameshajipanga. Bupp alikuwa amesimama nyuma yao. Aliangalia upande wetu, kama alivyoniambia anavyofanya kila mara. Hakuniangalia usoni, aliangalia juu ya kichwa changu. Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Nadhani nilikuwa na sekunde moja, labda mbili. Bado nilikuwa nafikiria yule mtu wa kwenye kona.

Akaupiga mpira chini.

Hapo ndipo nikainua macho na mimi nikakiona kibao changu. Nikavuta kamba. Nilivuta taratibu, ili isitoe mlio. Hakuna aliyekuwa anatazama samani. Aliponyanyua kichwa akaangalia tena, ilikuwa nne.

Mwalimu Teasdale alikuja na karatasi yake kama kawaida akauliza kama kuna la kuandika. Nikasema hakuna.

Kibao kilisema tatu. Kijana aliona sawasawa.